GHALA LIKIGEUZWA NYUMBA

Mtu akirithi jembe la baba yake, mpini ukavunjika, hutia mpini mpya akaendelea kulima. Hasemi kwamba amepata jembe jingine. Baada ya miaka kadhaa chuma nacho chalika, naye akibadili. Je, jembe lile lingali la baba yake? Watoto wakiulizwa hucheka. Wazee hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Swali lenyewe ni la kale sana. Mwandishi Mgiriki aitwaye Plutarch alilisimulia katika habari za merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athene waliitunza kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya mahali pake, hata wenye hekima wakabishana: hii ni merikebu ileile, au ni nyingine?

Twalirudia swali hilo juma hili, wala si kwa kuchezea maneno. Siku hizi limekuwa swali la familia zenye watoto, la mahakimu, la wakusanya kodi, na zaidi ya yote la dhamiri. Huko Uingereza maghala ya nafaka yaliyoachwa bila kazi yanageuzwa kuwa nyumba za kukaa watu, na wenye kuyageuza husema kwamba wajenga nyumba zitakazodumu bila kuiharibu nchi. Twauliza: ni lini maneno hayo ni ya kweli, na ni lini ni pambo tu?

Msomaji atasema, “Maghala ya Waingereza yatuhusu nini?” Twayachagua kwa sababu huko jambo hili limekwisha kuandikwa katika sheria na kuamuliwa mahakamani, hata kila upande wake waonekana wazi. Tena mtu huona kosa kwa jirani upesi kuliko kwake mwenyewe. Tuanze kwa jirani, kisha tutarudi nyumbani.

KAZI YA GHALA

Ghala la nafaka la kale halikuwa chumba cha kuwekea magunia tu. Lilikuwa jengo refu la mawe, matofali au mbao, lenye nguzo na kenchi za mti wa mwaloni, na paa la vigae au nyasi. Katikati, pande mbili zilizokabiliana, palikuwa na milango mikubwa ya kupitisha gari la farasi lililojaa miganda. Kati ya milango hiyo ndipo palipokuwa sakafu ya kupuria. Wakati wa baridi, kazi za shamba zikiwa zimepungua, vibarua walisimama hapo na magongo yao wakapura ngano na shayiri. Kisha milango yote miwili ilifunguliwa, upepo ukapita katikati, ukachukua makapi na kuacha punje. Kumbe fundi aliyejenga aliupa hata upepo njia yake na kazi yake.

Mara nyingi, juu ukutani karibu na kilele cha paa, mafundi waliacha tundu dogo. Sisi tumezoea kumwona bundi kuwa ndege wa mikosi, na akilia juu ya nyumba wengi hawalali. Kwa mkulima wa Uingereza tundu lile lilikuwa mlango wa bundi. Bundi mweupe hula panya, na panya hula nafaka. Kwa hiyo ndege yule alihesabiwa miongoni mwa wafanyakazi.

Baadhi ya maghala hayo yana umri mkubwa ajabu. Ghala la Great Coxwell lilijengwa mwishoni mwa karne ya 13, katika shamba la watawa wa abasia ya Beaulieu. Urefu wake ni mita 46 hivi, na nguzo zake za mwaloni zingali zimesimama juu ya misingi ya mawe. William Morris, fundi na mwandishi mashuhuri aliyekaa karibu na hapo, alilisifu sana. Ndiye pia aliyekuwa mmoja wa waanzilishi, mwaka 1877, wa chama cha kulinda majengo ya kale ya Uingereza, kilichofundisha kwamba afadhali kutengeneza kidogo kidogo kila mwaka kuliko kuacha jengo lioze na kisha kulifanya jipya. Sisi husema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni fundisho lilelile.

Lakini tusiyatazame maghala kwa macho ya mtalii. Yalikuwa pia mahali pa jasho la maskini. Kupura kwa mikono kulikuwa mkate wa kibarua wakati wa baridi. Mwaka 1786 hivi Mskoti mmoja, Andrew Meikle, alitengeneza mashine ya kupura iliyofaa kazi, na mashine za namna hiyo zikaenea. Mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa Uingereza, wakiwa na njaa na mishahara midogo, waliziendea mashine hizo wakazivunja. Serikali ikawashika. Watu 19 walinyongwa, na mamia wakapelekwa uhamishoni Australia. Yafaa tuikumbuke habari hii, maana tutaihitaji mbele.

Baadaye, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaenea mashine ivunayo na kupura kwa pamoja palepale shambani. Sakafu ya kupuria haikuwa na kazi tena. Trekta kubwa hazikuweza kupita katika milango iliyopimwa kwa farasi. Wakulima wakajenga mabanda ya chuma, na maghala ya kale yakabaki na popo, bundi na zana zilizoshika kutu.

SHERIA YASEMAJE

Kwa miaka mingi, aliyetaka kugeuza ghala kuwa nyumba katika England alihitaji kibali kamili cha halmashauri, na wengi walikataliwa. Mwaka 2014 Serikali ililegeza sharti hilo. Tangu wakati huo mwenye jengo la shamba, akitimiza masharti yaliyowekwa, aweza kuligeuza bila kuomba kibali kile kamili. Halmashauri huangalia mambo machache tu, kama vile njia ya magari, kelele, mafuriko, uchafu wa ardhi, na mwanga wa jua katika vyumba. Mwaka 2024 ruhusa ilipanuliwa: shamba moja laweza kupata nyumba 10, kila moja isizidi mita za mraba 150, na zote pamoja zisizidi mita za mraba 1,000. Majengo yaliyoorodheshwa kuwa urithi wa taifa, na yale yaliyomo katika hifadhi za taifa, hayamo katika ruhusa hiyo.

Nia ya sheria hii ni njema. Nyumba za kukaa ni chache na bei yake ni kubwa; majengo matupu yapo; basi watu na wakae humo. Nani atapinga?

Lakini mara neno “kugeuza” lilipoandikwa katika sheria, merikebu ya Theseus ilirudi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya huko ilisikiliza habari ya banda moja la nguzo za chuma lililokuwa wazi pande tatu. Wenyewe walitaka kulifanya nyumba chini ya ruhusa ile. Wangetia kuta mahali pasipo kuta, na karibu kila kitu kifanyacho nyumba kuwa nyumba kingekuwa kipya. Halmashauri ilikataa, na hakimu aliikubalia. Alisema kwamba kugeuza na kujenga upya ni mambo mawili, na kwamba mpaka kati yake hauwekwi kwa kuhesabu misumari, bali kwa kupima kiasi cha kazi kwa akili na busara. Kama kilichobaki cha jengo la zamani ni kidogo mno, huo si ugeuzi. Ni ujenzi mpya uliovaa jina la zamani.

Twaona hukumu hiyo ina hekima ipitayo mambo ya majengo. Kugeuza kwadai kiwepo kitu ambacho hakikutoka kwetu, kitu kilichotutangulia, chenye nguvu zake na mipaka yake, nasi tukubali kufanya kazi pamoja nacho. Mahali ambapo hakuna kinachotupinga, hapo hatugeuzi kitu. Twajifanyia tu tupendavyo. Basi mwenye kugeuza ghala kwa haki ana madeni matatu, nasi tutayataja moja moja.

DENI LA KWANZA: KWA JENGO LENYEWE

Deni la kwanza ni kuliuliza jengo laweza nini kabla ya kuliamuru. Milango ile mikubwa ya kupuria, ikitiwa vioo, yaingiza mwanga mpaka katikati ya nyumba; hakuna haja ya kutoboa ukuta mzima madirisha kama chujio. Urefu wa paa, ambao ndio uzuri wa ghala, huharibika mtu akiukatakata kwa dari na vyumba vingi. Mafundi wengine hujenga nyumba ndogo ndani ya ghala, kama sanduku ndani ya sanduku. Watu hukaa katika sehemu ile iliyokingwa vizuri na baridi, na sehemu iliyobaki huachwa kama ilivyokuwa, nguzo zikionekana na kenchi zikipumua.

Tena kuna habari ya kuta. Ukuta wa kale uliojengwa kwa mawe na chokaa hunywa maji ya mvua kidogo, kisha huyatoa jua na upepo vikija. Akija mtu mwenye haraka akaupaka saruji, maji yaliyopenya katika nyufa hayana njia ya kutoka. Hubaki ndani, ukuta hulia, na ncha za boriti zilizokaa ukutani huanza kuoza. Mwenye nyumba hudhani ameuimarisha ukuta, kumbe ameuziba pumzi. Ndiyo maana mafundi wenye ujuzi husisitiza chokaa kwa chokaa, udongo kwa udongo, na kinga za baridi zilizotengenezwa kwa nyuzi za mbao au sufu ya kondoo, zinazoacha unyevu upite.

Hapa twajifunza kwamba nguvu si moja tu. Iko nguvu ya kushindana na iko nguvu ya kupokea na kutoa. Fundi asiyejua tofauti hiyo huua kwa dawa.

DENI LA PILI: KWA NCHI NA WATAKAOKUJA

Deni la pili ni kwa ardhi, hewa, na watoto watakaozaliwa. Wengi hudhani kwamba nyumba huanza kutumia mali ya dunia siku taa zinapowashwa. Sivyo. Nyumba hutumia kabla haijakaliwa. Chuma chake kimeyeyushwa, matofali yake yamechomwa, saruji yake imetoka katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Saruji peke yake hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa yote ambayo wanadamu huitoa angani kwa kazi zao. Ghala lililosimama miaka 200 limekwisha kulipa gharama hiyo. Kulibomoa na kuanza upya ni kuilipa mara ya pili, na deni hilo atalipa mjukuu.

Hata hivyo kodi ya Uingereza imekwenda kinyume. Kazi ya kujenga nyumba mpya haitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Kugeuza ghala kuwa nyumba hutozwa asilimia 5. Matengenezo ya kawaida ya nyumba ya zamani hutozwa asilimia 20. Ni kana kwamba sheria imemwambia mwananchi: ukiziba ufa utalipa zaidi kuliko ukijenga ukuta.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Ghala halikujengwa kwa ajili ya joto. Lilijengwa ili upepo upite. Jengo refu lisilokingwa humeza kuni na mafuta bila kushiba, na familia iliyokaa humo kwa fahari huweza kuharibu hewa zaidi kuliko jirani yake katika nyumba mpya ndogo. Kwa hiyo uzee wa jengo si cheti cha wema. Lazima kazi ifanywe: kukinga paa na sakafu, kuziba mianya ya upepo, kutia pampu ya joto, ambayo kwa kipimo kimoja cha umeme huweza kuleta vipimo vitatu hivi vya joto kutoka ardhini au hewani.

Katika jambo hili tumependezwa na kanuni za taasisi ya Passivhaus ya Darmstadt, Ujerumani, zinazojulikana kwa ukali wake. Nyumba mpya yatakiwa isitumie zaidi ya kilowati-saa 15 za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Lakini kwa jengo la zamani linalotengenezwa, katika nchi za baridi kama Uingereza, kanuni yakubali mpaka 25. Wenye kanuni kali waliona kwamba si haki kumdai mzee mbio za kijana. Walimpa kipimo chake, na bado ni kipimo kigumu. Mzazi na mwalimu watazame mfano huo.

Na tusisahau jambo moja ambalo matangazo ya nyumba hayalisemi. Ghala lilijengwa palipo na ngano, si palipo na shule, duka au zahanati. Familia ikikaa huko, huenda ikahitaji magari mawili na safari nne kila siku. Je, twaweza kusifu paa lenye mitambo ya umeme wa jua, na uani magari yakichoma mafuta kutwa? Hesabu ya nyumba haishii kwenye kizingiti.

DENI LA TATU: KWA JIRANI

Deni la tatu ndilo zito, nalo husahauliwa kuliko yote.

Jirani wa kwanza ni kiumbe asiyesema. Popo na bundi mweupe walilikalia ghala wakati mwenye shamba alipolitupa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 yawalinda, na mwenye kujenga hana ruhusa ya kuwafukuza kama apendavyo. Wapo wanaonung’unika kwamba ndege anamchelewesha mtu kuhamia kwake. Lakini wapo pia wanaoacha chumba kidogo chini ya paa, na tundu lake kama zamani, mfanyakazi yule wa kale apate kukaa. Gharama yake ni mbao chache. Faida yake ni kwamba watoto wa nyumba hiyo watakua wakijua kwamba wao si wapangaji wa pekee duniani.

Jirani wa pili ni mtu. Hapa tuwakumbuke vibarua wa mwaka 1830. Babu zao walipura ndani ya jengo lile, na wenyewe walipigania haki ya kuendelea kupura. Leo jengo hilo, limesafishwa, limetiwa vioo na sakafu yenye joto, lauzwa kwa bei ambayo mtu anayeishi kwa mshahara wa kazi za shamba hawezi kuiota. Kijana wa kijiji aliyezaliwa umbali wa mita mia tatu kutoka hapo analitazama kwa nje. Mara nyingine mwenyewe ni mtu wa mjini, ajaye siku za mapumziko tu, na madirisha huwa giza siku tano katika saba. Jengo limeokolewa kweli, lakini limeokolewa kwa ajili ya nani? Ikiwa nyumba “inadumu” na kijiji kinakufa, ni kitu gani kilichodumu?

Hatusemi kwamba kila mwenye kununua ghala ni mwizi. Wapo wakulima wanaoligeuza ghala ili mtoto wao aoe na kubaki shambani, na wapo wanaogawa jengo moja kuwa nyumba tatu au nne ndogo za kupangisha kwa watu wa kijiji. Kikomo cha mita za mraba 150 katika sheria ya 2024 chaelekea upande huo mwema. Twasema tu kwamba swali la jirani haliwezi kuachiwa halmashauri peke yake. Ni swali la mwenye ufunguo.

“LAKINI MALI NI YANGU”

Mwenye ghala atajibu: “Nimenunua kwa fedha yangu. Nitalifanya nitakavyo.” Neno lake lina kweli ndani yake. Mtu ana haki ya kumiliki, na anayemiliki hutunza vizuri kuliko asiyemiliki; maghala mengi yalianguka kwa sababu hayakuwa na mtu wa kuyaangalia. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, wakati wa karne ileile iliyojenga ghala la Great Coxwell, aliitetea haki hiyo. Lakini alitenganisha mambo mawili: kumiliki na kutumia. Yafaa mali iwe na mwenyewe, alifundisha, ila katika kuitumia mwenyewe aione kama ya wote, awe tayari kumgawia mhitaji.

Na kama kuna jengo ambalo yatupasa kulikumbuka kwa fundisho hilo, ni ghala. Injili yasimulia habari za tajiri aliyeona maghala yake hayatoshi, akakusudia kuyabomoa na kujenga makubwa zaidi, naye hakujua kwamba usiku uleule ndio wake wa mwisho. Wengi huisoma habari hiyo kama onyo juu ya nafaka. Sisi twaona ni onyo juu ya kipimo. Kosa la mtu yule halikuwa kuwa na ghala. Lilikuwa kutojua neno “yatosha”.

Tena, si kila ghala lazima ligeuzwe. Ghala la Great Coxwell halikufanywa nyumba. Tangu mwaka 1956 limo mikononi mwa shirika la hifadhi, na kila mtu aweza kuingia na kusimama chini ya paa lile. Mengine yangali na kazi katika mashamba yao. Yapo ambayo kuyagawa vyumba ni kuyaua. Mwenye busara aweza kulipenda jengo bila kulikalia, kama vile mtu awezavyo kupenda mti bila kuukata.

NASI JE?

Sasa turudi nyumbani. Pwani yetu yalijua mambo ya chokaa kabla ya vitabu vya Waingereza kutufikia. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta hizo pia hunywa na kutoa; na humo pia saruji iliyopakwa kwa haraka hufungia unyevu ndani na kubomoa ilichodhaniwa kulinda. Mafundi wa chokaa wa Zanzibar na mafundi wa maghala ya England, wangekutana, wangeelewana kwa mikono kabla ya kuelewana kwa maneno.

Na bara je? Wengi wetu tumelelewa katika nyumba za udongo zilizo baridi mchana na joto usiku. Leo kijana akipata fedha, jambo la kwanza ni kubomoa. Hatumlaumu anayetaka paa lisilovuja na sakafu isiyo na funza. Hiyo ni haki ya kila mtoto, na umaskini si jambo la kupambwa kwa maneno matamu. Lakini twamwomba aulize kabla ya kuinua nyundo: ukuta huu una kosa gani? Je, umeoza, au nimeuonea haya tu? Je, stoo ya babu yenye msingi imara haiwezi kuwa vyumba viwili vya watoto, ikipata paa jipya, dirisha na lipu inayofaa? Usiache mbachao kwa msala upitao. Anayebomoa kwa aibu hujenga kwa mkopo, na mara nyingi nyumba yake husimama kuta bila paa kwa miaka, mvua ikinyesha ndani, na watoto wakikaa kwa kupanga.

Tulianza kwa kuuliza kama jembe lililobadilishwa mpini na chuma lingali jembe la baba. Twadhani jibu halimo katika mpini wala katika chuma. Limo katika mkono unaolishika. Kama mwana analima shamba lilelile kwa uangalifu uleule, akijua amelipokea na atalikabidhi, jembe ni la baba yake. Kama amelitundika ukutani ili wageni walisifu, si lake wala si la baba.

Ndivyo ilivyo kwa ghala. Kuta zaweza kugeuzwa kwa fedha na mafundi katika muda wa mwaka mmoja. Ila mwenye kukaa humo asipogeuka yeye, akaleta humo tamaa zilezile za ukubwa, haraka na kuonekana, atakuwa amehamisha tu makapi kutoka sakafu moja hadi nyingine. Akikubali kipimo cha jengo, akavaa sweta kabla ya kuongeza moto, akakaa katika vyumba vinavyotosha, akamwachia bundi tundu lake na jirani nafasi yake, hapo ghala litakuwa limerudi kwenye kazi yake ya kwanza, yaani kutunza uhai wa watu mpaka mavuno mengine.

Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo ukirudi kwako, iwe nyumba ya mawe, ya matofali au ya udongo, zunguka mara moja na kuitazama. Tafuta ufa mmoja. Uzibe kesho.